Kwa Nini Kuku Huchakura Hata Chakula Kikiwa Mbele Yake

Mwacheni huyo kuku. Najua mmemmwagia chenga kwenye ungo safi, naye kazitimua zote mpaka uvunguni mwa kinu. Mnamwita mjinga, mnamtupia vigae. Kaeni chini kwanza niwaambie, kisha mtanijibu mjinga ni nani.

Kulikuwa na wakati ambapo kuku hakujua kuchakura. Aliishi porini pamoja na kwale na kanga, akidonoa alichokikuta juu ya ardhi, basi. Na makombo ya jikoni hayakuwa na mwenyewe. Katika kijiji kimoja cha bara, kule mbaazi zinakostawi, kubakiza chakula ilikuwa aibu kubwa. Kila asubuhi mama mkwe aliingia jikoni kwa mkwewe, akafunua chungu akachungulia. Bibi arusi akikutwa na kiporo mara tatu, alijitwika chungu chake akarudi kwao. Hakuna aliyeuliza kama mume anampenda.

Basi akaolewa hapo binti mmoja jina lake Somoe, mtoto wa wafua vyuma. Kwao walikula watu kumi na saba, na mpishi alikuwa yeye tangu alipoweza kuinua mwiko. Kwa mumewe Mchopa akakuta vinywa vitatu: chake, cha mumewe, na cha mama mkwe, Bi Nantende. Jamani, Somoe alijitahidi! Alipunguza unga, akapunguza tena, lakini mkono ulishazoea. Ugali ulipoiva ungedhani kuna matanga. Mchopa, maskini ya Mungu, alikula mpaka akawa analala ameketi, na bado chungu kilibaki. Wiki ya kwanza Bi Nantende akakuta kiporo. Wiki ya pili akakuta tena. Somoe alimpenda mumewe vibaya sana, na hofu ya kuachana naye ikamnyima hata usingizi.

Asubuhi moja, kabla mama mkwe hajaja, Somoe alikwangua ukoko na mabaki ya mbaazi akatoka nayo nyuma ya jiko. Kuyatupa njiani asingeweza, kijiji kizima kingeona. Akachimba shimo karibu na kuni, akayafukia, akafunika na jivu. Alipoinua macho, akamwona kuku wa porini amesimama na vifaranga vyake, anamtazama. Somoe akamrushia kipande cha ukoko kilichobaki kiganjani. Kuku akakidonoa, akaita wanawe, wakakimaliza. Moyo wa Somoe ukafurahi kama aliyepata ndugu ugenini.

Lakini kukaa kuwalisha asingeweza, maana hatua za Bi Nantende zilishasikika. Akamwonyesha kuku haraka haraka. Alichakura jivu kwa vidole vya mguu wake mara mbili, akarudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa kuangalia kilichotokea, kisha akatupa jicho pembeni kama mama mkwe yu karibu. Kuku alitazama yote hayo, naye akayafuata vilevile, mpaka lile la kutupa jicho pembeni.

Siku zikaenda vizuri. Chungu kilikutwa cheupe kila asubuhi, Bi Nantende akaanza hata kumsifu mkwewe kisimani. Somoe akazidi kumpa rafiki yake vitu vitamu: maganda ya mihogo, mbegu za maboga, mara nyingine kipapai kilichoiva kupita kiasi. Vyote chini ya jivu. Kuku naye akanogewa, akahamisha ukoo wake wote kutoka porini, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Siku moja Bi Nantende alikuwa ameketi nyuma ya jiko anapeta mbaazi, kuku wakaja mchana kweupe, wakachakura mbele yake. Ukoko ukatoka. Maganda yakatoka. Wali wa jana ukatoka.

Bi Nantende hakupiga kelele. Alimwita Somoe akamwambia achukue chungu chake.

"Mama, mkono wangu haujui kupika kidogo," Somoe akasema. "Nimejaribu."

Mchopa alisimama mlangoni, machozi yanamtoka. Somoe akajitwika chungu, akashika njia. Nyuma yake Bi Nantende akainama shimoni apime ni chakula kiasi gani kilichoharibiwa miezi yote ile. Akapekua jivu kwa mkono. Hakukuta hata punje. Akapekua pembeni, chini ya kuni, mkono ukagusa vitu laini vyenye joto. Mayai manane. Alikaa pale akiyageuza, akiwatazama kuku waliojaa uani, wanene, wametulia kama wako kwao.

"Somoe," akaita, "tua hicho chungu. Chakula kilichopotea hakiachi kitu. Hiki kimeacha mayai."

Siku ile walikula mayai, Mchopa akala akiwa anacheka, na Bi Nantende akakitangazia kijiji kizima kwamba makombo yana mwenyewe: ni ya kuku, na mke asiulizwe tena. Alfajiri iliyofuata akatoka yeye mwenyewe na ungo, akamwaga makombo hadharani, akawaambia kuku wale kwa raha, hakuna cha kufukua tena. Kuku wakachakura ungo mzima, vyote vikaruka.

Na tangu siku hiyo makombo ya jikoni ni haki ya kuku, na kuku huchakura hata umwekee chakula mdomoni. Mtazameni huyo. Mguu mara mbili haraka, nyuma kidogo, kichwa chini, halafu jicho pembeni. Hakuna aliyeweza kumwelewesha kwamba Somoe alishasamehewa, kwa hiyo bado anamfichia siri.