Nyegere na Kodi ya Kivuli

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama hamjala? Na nyinyi watu wazima wa kule nyuma, msijifanye hamsikii. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na gulio lao chini ya kilima. Gulio lilikuwa zuri, lakini mvua ikinyesha, maji yote ya kilima yalishukia pale pale. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya masika, Ngiri na wanawe walichimba mtaro. Chaku! Chaku! Chaku! Walianzia juu kilimani, wakateremka, wakapita nyuma ya maduka mpaka mtoni. Na Ngiri hachimbi kwa kuimbiwa, anataka kula. Chakula chake kilitoka kwenye ghala la gulio, na ghala lilijazwa kwa kodi ya kivuli.

Kodi ya kivuli ni kodi gani? Tulieni niwaambie. Jua likifika utosini, Pimbi mtoza kodi alipita na watoto wa Nguchiro. Aliwalaza chini ya paa la duka, ubavu kwa ubavu, nao wakichekacheka. Kwa kila mtoto aliyeenea kivulini, mwenye duka alitoa kikapu cha mtama. Paa kubwa, watoto wengi, vikapu vingi. Kibanda kidogo, mtoto mmoja, kikapu kimoja, basi.

Mwenye paa kubwa kuliko wote alikuwa Nyegere, muuza asali. Yeye na mkewe walilijenga duka lile kwa miaka, na asali yao yote ilikuwa mle ndani, imejaa vibuyuni, imepangwa sakafuni. Jirani yake alikuwa Bi Kanga, muuza togwa. Kibanda chake kilikuwa juu ya kichuguu, kidogo mno, hata mkia wa Kanga mwenyewe ulibaki juani.

Lakini togwa ya Kanga! Wateja walisongamana, gudu gudu gudu, wanakunywa, wanapangusa midomo, wanaomba tena. Nyegere aliacha asali yake akachungulia kwenye ufa wa ukuta. Akamwona Swala. Akamwona Kima. Akamwona hata Nungunungu, aliyekuwa mteja wake mwenyewe! Moyo ukamuuma. Akaanza kuimba peke yake, huku anang'ata kucha:

"Kanga wateja tele, kodi kiduchu! Na mimi je? Na mimi je?"

Mkewe akamwambia, "Baba watoto, si tunauza? Si tunakula?"

"Tunakula, ndiyo. Lakini na yeye anakula!"

Mnacheka? Wivu ndivyo ulivyo.

Nyegere akamfuata Pimbi. "Pimbi, kwa nini Kanga atoe kikapu kimoja na mimi nitoe rundo?"

"Paa lako kubwa, bwana."

"Wateja wake wengi!"

"Hapa tunapima kivuli, hatupimi wateja. Kama unaona sheria mbaya, ilete barazani tuizungumze."

Nyegere hakwenda barazani. Alikwenda nyumbani akachukua panga. Akapanda juu ya paa lake. Fyeka! Makuti chini. Fyeka! Nguzo chini. Mkewe alilia, "Unabomoa duka letu!" Nyegere akajibu, "Nabomoa kodi!"

Pimbi akaja kupima. Akamlaza mtoto wa kwanza wa Nguchiro, akaenea. Akamlaza wa pili, miguu ikaungua juani, akaruka, "Uwii!" Pimbi akatikisa kichwa. "Kikapu kimoja. Lakini Nyegere, ghala letu lilikuwa linategemea paa lako."

"Litegemee la Kanga!" Akatoa kikapu chake, akatembea gulioni kifua mbele. "Leo mimi na Kanga sawa! Sawa sawa!"

Sawa? Jua likaingia dukani. Nta ikalainika, asali ikachuruzika, siafu wakaja mstari. Wateja wakasema, "Duka hili linatuchoma," wakahamia kwa Kanga. Kanga akaona wageni wake wanaungua, akaongeza makuti, kivuli kikakua. Nyegere akachungulia kwenye ufa. Akang'ata kucha tena.

Ngiri akaanza mtaro. Chaku! Chaku! Akateremka kilimani, akafika nyuma ya duka la Nyegere. Akaenda ghalani kula, akakuta ghala tupu. Akarudi, akafuta udongo kwenye pembe zake. "Mtama umekwisha, na mtaro umekwisha."

"Umekwisha hapa?" Nyegere akapiga kelele. "Mgongoni kwangu?"

"Hapa ndipo vikapu vilipofika," akasema Ngiri, akaondoka na wanawe.

Mvua ikaja. Pwaaa! Mtaro ukayakusanya maji ya kilima chote, ukayaleta vizuri kabisa, ukayamwaga mlangoni kwa Nyegere. Gharika! Vibuyu vikaelea, vikagongana, ko ko ko, vikapasuka. Asali yote ikawa tope. Nyegere, mkewe na watoto wakakimbilia kichuguuni, wakiwa wameloa chapachapa.

"Karibuni, jirani," akasema Kanga, akawapa togwa ya moto.

Asubuhi Kanga alimwita Pimbi. "Paa langu limekua. Lipime." Watoto wa Nguchiro wakalala, wakaenea, wakaenea tena. Kanga akatoa vikapu vyake mbele ya wote, bila kununa. Ngiri akala, akarudi kazini, mtaro ukafika mtoni. Gulio zima likashangilia, "Bi Kanga ametuchimbia mtaro! Bi Kanga!"

Nyegere alikuwa amekaa pembeni, kibakuli cha togwa mkononi, macho mekundu. Akamnong'oneza mkewe, "Unaona? Sasa hata kodi yake ni kubwa kuliko yangu!"

Mkewe akamtazama, akatazama lile duka lililojaa tope, akawashika watoto wake mkono. "Sisi tunakwenda kutoa tope," akasema. "Wewe baki hapa umwonee Kanga wivu."

Basi, wadogo kwa wakubwa, funzo ni hili: kodi ya gulio ndiyo mtaro wa gulio, na anayelikata fungu lake kwa wivu wa jirani hamkomoi jirani, anajikomoa mwenyewe na watoto wake.

Ngano yangu naitua hapa. Anayeipenda na aibebe kwake.