Shikamoo Arobaini za Beberu

Hapo zamani, Jumatatu moja asubuhi, Saumu, mtoto wa miaka saba, alimwamkia beberu wa jirani: "Shikamoo, babu." Kisha akampita babu yake mwenyewe, Mzee Faki, kama apitaye kisiki.

Ikawa hivyo siku arobaini. Babu alihesabu. Beberu naye akazoea: asiyemwamkia hampishi njiani. Watu wazima wakaanza kumwamkia ili wawahi shambani.

Siku ya arobaini na moja Saumu alipelekwa kwa daktari wa macho.

"Anaona karibu, mbali haoni," alisema daktari. "Atavaa miwani."

"Nani kamharibu?" aliuliza Mzee Faki.

"Huenda aliumia kichwa akizaliwa. Huenda ni kazi za karibu. Huenda ni damu tu. Sijui."

"Sijui" haikumtosha mzee. Kijijini kwao, salamu ya mkubwa ikipotea, aliyesababisha ipotee sharti akairudishe. Basi akaitisha baraza: aliyemharibu Saumu macho angempigia beberu magoti, hadharani, amwombe zile shikamoo arobaini.

Bi Hadia, mkunga, aliitazama mikono yake. Ilikuwa imepokea nusu ya watu waliokaa pale barazani. Akipiga magoti, amekiri. Akikiri, hakuna mzazi atakayemwita tena.

"Nilimvuta kichwa, kweli," alisema. "Akatoka na uvimbe juu ya jicho, ukakaa siku sita. Nisingemvuta, leo tungekuwa na beberu tu, hana wa kumwamkia. Na nani alichelewa kuniita? Makame!"

Makame, baba mtoto, akaruka. "Nilichelewa, kweli. Nilikuwa nacheza bao, tena nashinda! Lakini jicho sijaligusa. Aliyemfungia ndani tangu ana miaka minne, asuke ukili wa mikeka mpaka pua inagusa ukindu, ni dada yangu Riziki."

"Nilimfungia, kweli, jua lisimchome," alisema Riziki, kisha akamgeukia Mzee Faki. "Na mikeka yake mnailalia nyote. Lakini baba, damu je? Juzi si uliukaripia mnazi kwamba haukukupisha?"

Baraza likaangua kicheko.

"Mnazi ule una kiburi," alisema Mzee Faki.

Walibishana mpaka adhuhuri. Hakuna aliyepiga magoti. Ndipo mvuvi mmoja akaja mbio: mkewe ameshikwa na uchungu. Akasimama ukingoni mwa baraza, asijue amwite Bi Hadia au angoje hukumu.

Haya, mnaosikiliza, mvuvi anangoja: mkunga, baba, shangazi au babu, nani ampigie beberu magoti?