Fundi na Maswali Elfu Sita

Mtu mmoja alikuwa na kompyuta kuukuu, na ndiyo iliyomlisha. Jina lake Ambakisye. Kazi yake ilikuwa kuchapa barua na kusafisha picha za watu katika steshenari ndogo sokoni. Kompyuta ile ilichelewa kuamka kila asubuhi, naye akaanza kujiuliza imebeba nini tumboni hata iwe nzito hivyo.

Ndani ya kila kompyuta kuna kiini, programu ya chini kabisa inayozitambua sehemu zote za mashine na kuziamuru. Waliokitunga hawakumjua Ambakisye, kwa hiyo walitia humo kila kitu ambacho mtu yeyote, popote, angeweza kukihitaji. Lakini mwenye subira anaruhusiwa kukijenga upya kwa kipimo chake. Udadisi ukamwasha Ambakisye, akaegesha mlango wa duka, akaketi.

Mashine ikaanza kumwuliza. Kitu hiki unakihitaji? Ndiyo au hapana. Maswali yalipita elfu sita. Kuuliza si ujinga, watu husema. Juu ya kujibu hawajasema kitu. Siku za kwanza alisoma kila swali kwa makini na kufurahi mno, maana alikuwa akiijua kwa mara ya kwanza mashine aliyoitumia miaka kumi na miwili. Kufikia siku ya sita alichoka, akawa anajibu hapana kwa chochote ambacho yeye hakuwa amekigusa karibuni. Sidii? Hapana. Hakuna aliyemletea sidii kwa miaka mitatu.

Siku ya tisa akamaliza, na kompyuta ikaamka mapema kwa sekunde kumi na moja. Wapenda hesabu watagundua kwamba siku zile tisa, za saa nane nane za kazi, angezifidia baada ya miaka sitini na kitu. Yeye hakupiga hesabu. Alikifuta kiini cha zamani kwa furaha tupu, akajiona bwana wa nyumba yake.

Wiki iliyofuata, saa tano asubuhi, akaja Lugano, mama muuza vitunguu pale sokoni, amejifunga khanga kiunoni, macho mekundu. Kaka yake alikuwa anazikwa saa nane. Kwa desturi ya huko picha ya marehemu hutangulia jeneza, na picha pekee ya kaka yake ilikuwa kwenye sidii ya harusi ya kaka huyo. Kompyuta nyingine zote za mjini zilikuwa mpya, hazina mahali pa kutia sidii. Ya Ambakisye ilikuwa napo. Akaitia. Ikazunguka kidogo, ikanyamaza. Kiini hakikuijua tena.

Ambakisye akaona aibu, akamweleza yote, maswali na majibu yake. Lugano akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Fundi, hapo ulipokuwa unaulizwa, na sisi ulikuwa unatujibia?"

Ambakisye akaigeukia mashine. Alijua swali lenyewe lilipo, maana ni yeye aliyelijibu. Akalirudia, akasema ndiyo, akaiacha mashine ijenge kiini upya. Kazi hiyo ilichukua saa mbili na nusu. Lugano alikaa benchini akiutazama mlango, na huko nyumbani watu wakamuaga kaka yake bila yeye. Picha ilipotoka aliikumbatia ikiwa bado ya moto, akakimbia. Jeneza alilikuta njiani. Wabebaji wakasimama, picha ikapita mbele.

Wapo wasemao Ambakisye alipoteza siku tisa. Wapo wasemao hizo ndizo siku pekee alizoisoma kazi yake. Nimeligeuza jambo hili mara nyingi, na bado linanisumbua. Fundi asiyewahi kufungua chochote angempa Lugano picha ile kwa dakika tano, asijue imewezekanaje. Ambakisye alimpa kwa saa mbili na nusu, akijua kila kitu. Mkifiwa kesho, sidii yenu mtampelekea nani?