Mita Kumi za Mhandisi

Mhandisi Mfinanga alipanda hadi Usangi na barua ya kumruhusu kujenga mnara wa simu katikati ya shamba la tangawizi la Bi Nakijwa.

"Nachukua kumi kwa kumi," alisema.

"Sawa, baba. Ila tuandikiane mbele ya mwenyekiti. Mraba wa mita kumi kila upande, siyo?"

Mfinanga akacheka. "Hayo ni maneno ya shambani, mama. Kitaalamu tunasema mita kumi za mraba."

"Mimi niliishia darasa la nne. Andika wewe, hivyo hivyo kitaalamu."

Akaandika, akatia sahihi, akagonga mhuri. Mwenyekiti wa kijiji akabaki na karatasi.

Wiki iliyofuata Mfinanga alirudi na mafundi, akakuta vigingi vinne vimeshapigiliwa. Alipima mara mbili. Mita tano kwa mbili.

"Hapa hata choo hakitoshi," alisema.

Mwenyekiti akamsomea karatasi, polepole.

"Kumi kwa kumi ni mita mia za mraba, baba," alisema Nakijwa. "Eneo tulisoma darasa la nne."