Sanduku la Mahindi Matupu

"Mkuu wa mji huu atakuwa mpwa wangu," Gavana Mwingereza alimkaripia Obadia, msaga nafaka wa koloni moja la Uingereza huko Marekani. "Na malisho yenu yote yatakuwa yake."

"Lakini mkutano wa wakazi ndio huamua kwa kura, mheshimiwa. Punje ya hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana."

"Basi askari watawapekua. Haliingii haragwe hata moja."

"Sawa. Tuachie swali tu tulitunge wenyewe, kama desturi yetu."

"Tungeni mpendavyo."

Gavana alisubiri nje. Sanduku la kura lilipoletwa lilikuwa na mahindi matupu. Akacheka, akatia muhuri kwenye matokeo bila kuyasoma.

"Tunashukuru, mheshimiwa," Obadia alisema mlangoni. "Tuliuliza kama mpwa wako arudi kwao Uingereza."