Kwa Nini Kukata Kucha Hakuumi

Hapo kale kucha za binadamu zilikuwa hazirefuki, na nywele zilibaki urefu ule ule wa siku ya kuzaliwa. Ukizigusa kwa kisu, mwenyewe alilia.

Siku hizo mwili ulikuwa nyumba ya ukoo mmoja. Mama wa nyumba alikuwa Ini, mwanamke mpana, mtaratibu. Chochote kilichotoka tumboni kilipita kwake kwanza kusalimia. Wanawe walikuwa mapacha Figo, Kulwa na Doto, walioshika njia ya maji. Kucha na Nywele, waliokaa barazani. Na kitinda mimba Moyo, ambaye mama alimpenda kupita wote na wala hakuficha.

Siku moja, pamoja na wali wa bondeni, aliingia mgeni aitwaye Aseniki. Alikuwa sumu ya mwambani, iliyopanda na maji hadi kwenye mpunga. Hakuwa na harufu wala ladha, na alivaa kama jamaa wa chumvi ile inayojenga mifupa. Ini akamwona ndugu. “Karibu, baba,” akasema. “Mgeni njoo, mwenyeji apone.”

Mwenyeji hakupona. Kufika jioni, Moyo alikuwa anadunda kwa kusitasita. Ini aliliona kosa lake, na wanaosema uchungu hukata maini, nadhani msemo huo wameutoa pale.

Kumfukuza hakuweza, maana mgeni aling'ang'ania kila alichoshika. Basi akaikumbuka desturi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya kwanza alimvika shuka, ili asishike kitu tena. Mgeni akawa mkali kuliko alivyoingia, akamuunguza mikono.

“Mama, mwache, atakuua,” akasema Kulwa.

“Nikimwacha atakwenda kwa mdogo wenu.”

Siku ya pili akamvika shuka la pili. Hapo mgeni akalainika, akawa mtu wa kuondoka. Siku ya tatu, badala ya jembe, Kulwa na Doto wakamsindikiza kwa njia ya maji hadi nje.

Lakini hakuwa amekuja peke yake. Wenzake wachache walikuwa wamejificha pembeni, na Moyo bado alisitasita.

“Tupeni sisi,” wakasema Kucha na Nywele. “Tutawabeba nje polepole.”

“Wanangu, mkitoka nje mtakatwa.”

“Tukatwe,” akasema Kucha. “Mdogo wetu alale.”

Ini alilia. Akawapaka mafuta, akawaondolea maumivu, ili wembe ukija wasijue.

Na tangu siku hiyo kucha na nywele hurefuka, na kuzikata hakuumi. Ndiyo maana pia mchele huoshwa kwa maji mengi kabla ya kuinjikwa: Ini ni mkarimu, ila wageni wakizidi humlemea.

Lakini jaribu kukata kucha hadi shinani uone utakavyoruka. Pale ndipo mama yao alipowashika mkono, na hajakubali kuwaachia.