Liki za Hoza

"Liki ya akiba huota mti moyoni."

Jana mlimsikia Bi Mwanaidi akimwambia hivyo mwanawe kwenye simu, mkacheka mpaka mkakohoa, kisha mkaja kuniuliza mboga huotaje mti. Haya, ketini hapa. Menyeni viazi huku mnasikiliza, maana chanzo cha msemo huo ninakijua na hakichekeshi. Haukuachwa na wahenga wa zama za kale. Ulitoka bustani ile iliyo juu ya kisima, mbele ya nyumba ya bati jekundu, na wa kwanza kuusema alikuwa Mama Hoza. Ilikuwa hivi.

Mama Hoza na mumewe, Mzee Shemahonge, walibakiwa na mtoto mmoja tu, ndiye huyo Hoza. Hoza akapata kazi ya kuendesha lori huko mbali. Siku chache kabla ya kuondoka alimsaidia mama yake kupanda tuta la liki. Yeye alitoboa mashimo kwa kijiti, mama akatumbukiza miche, kisha wakamwagia maji bila kufukia, kwa sababu ndivyo liki inavyopandwa. Walipomaliza, Hoza akanawa mikono akasema kwamba akirudi watazichimba pamoja, apikiwe na viazi. Ni neno ambalo kijana yeyote angelisema, na kesho yake akalisahau. Mama yake alilishika kama kiapo.

Mnajua liki ilivyo, ndugu yake kitunguu. Kabichi ikikomaa usipoikata inapasuka. Nyanya usipoichuma inaoza. Liki inakaa ardhini inakungoja, ndiyo maana sisi wa milimani tunaipenda: unachimba ya leo, nyingine zinaendelea kunenepa. Mama Hoza alilijua hilo, na hilo ndilo lililompoteza. Hakuchimba hata moja. Kila ziliporefuka alizipandishia udongo mpaka shingoni ili mashina yabaki meupe na laini. Kiangazi kilipokuja, maharage yalikauka, mchicha ukakauka, lakini liki zilinyweshwa maji ya ndoo kutoka kisimani. Hoza naye alipiga simu kila mara. Mwezi ujao, mama. Mwezi ujao ulipofika ukawa mwingine. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na tajiri, na tajiri hajui kwamba kwenu kuna liki.

Bi Mwanaidi, jirani yao, alikuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe na kusimama kwenye ua kumtania. Alimwambia kwamba liki zile anazitunza kama mwali, sasa zimebaki kuvikwa kanga. Siku moja hakutania. Aliona kati ya majani ya liki mojawapo kumetoka kijiti kirefu chenye tumba la ua juu yake, akamwambia mwenzake zichimbwe upesi, zinazeeka.

Mama Hoza alikikata kile kijiti kwa kucha akakitupa. "Akiba haiozi, jirani," akasema.

Vijiti vingine vilipotokeza akavikata vilevile. Alidhani akishakata ua, mambo yamekwisha.

Baridi ilipoingia, Mzee Shemahonge akaugua koo. Ugali haukupita. Wali haukupita. Alikunywa uji mpaka akauchukia, akawa amelala barazani anatazama bustani, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa mbele ya macho yake. Asubuhi moja alimwita mkewe. Bi Mwanaidi alikuwa jikoni kwao akikoleza moto, akayasikia yote.

"Mama Hoza, nipikie liki na viazi. Ziponde ziwe laini. Hizo nitameza."

"Nitakupikia kabichi, Baba Hoza. Nitaiponda vizuri."

"Sikutaja kabichi."

"Liki zile ni za mtoto. Amesema anakuja."

 Mzee alikuwa mtu wa mizaha tangu ujana wake, na hata siku ile aliujaribu. "Na mimi ni wa nani, mke wangu? Nipe hata moja, nitamwambia mwanao imeliwa na fuko."

Mama Hoza akacheka. Alicheka kweli, Bi Mwanaidi anasema, tena kwa upendo, akamfunika shuka miguuni. Kisha akaenda bustanini na kisu, akakata ncha za majani ya juu, yale ya kijani, bila kugusa shina, akamchemshia hizo. Majani ya juu ya liki ni magumu hata kwa mwenye afya. Mzee aliyatafuna muda mrefu. Halafu akayatoa mdomoni, akayaweka ukingoni mwa sahani, akasema ahsante.

Hakuomba tena. Hilo ndilo ninalotaka mlisikie vizuri. Angeomba tena labda angepewa, lakini mtu akinyimwa nyumbani kwake haombi mara ya pili. Mama Hoza alimpigia mwanawe simu kumwambia baba yako mgonjwa, fanya haraka, liki pia zinakungoja. Hoza akasema anaomba ruhusa. Kabla ruhusa haijatoka, baba yake akafa, tumboni hamna kitu ila uji.

Alizikwa siku ileile, kama ilivyo desturi. Hoza alifika kesho yake wakati watu wameshatawanyika na udongo wa kaburi umeanza kukauka. Alikaa barazani, mahali alipokuwa akilala baba yake, akatazama mbele na kuliona tuta. Akauliza, kama mtu asiyejua la kusema, "Mama, kumbe liki zetu bado zipo?"

Mama Hoza aliinuka kwenye mkeka. Wanawake wakamzuia, wakamwambia aliyefiwa hapiki, akae. Hakukaa. Alichukua jembe, akalegeza udongo, akaanza kuzing'oa. Bi Mwanaidi alimfuata amsaidie, na anasema hajapata kuona liki nzuri kama zile. Zilikuwa nene kama mkono wa mtu mzima, nyeupe mpaka zinang'aa. Mama Hoza akaziosha, akaketi na kisu.

Kisu kilipita ganda la kwanza, kikapita la pili, kikagota. Akaipasua liki kwa urefu. Katikati, pale panapotakiwa pawe laini kuliko kwingine kote, palikuwa na mti. Mti mgumu, wa rangi ya pembe, umepita shina zima kuanzia mizizini. Akachukua nyingine. Mti. Akazipasua zote, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache. Zile alizozikata ua zilikuwa na mti sawa na nyingine. Hakuna iliyokuwa imeoza. Akiba haikuoza, kweli.

Alipika hivyohivyo na viazi, akampakulia mwanawe. Hoza alitafuna, nyuzi zikamjaa mdomoni, akameza kwa shida na kusema, "Nzuri, mama."

Mama yake akamwondolea sahani. "Usinidanganye, mwanangu," akasema. "Hiki kilikuwa chakula cha baba yako. Kilikuwa laini wakati anakiomba."

Akawageukia wanawake waliokuwa wamekaa ukutani, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayewafundisha upishi, "Liki ya akiba huota mti moyoni."

Hakulima liki tena. Hoza alirudi kwenye lori lake, akawa anakuja nyumbani mara nyingi kuliko zamani, analeta sukari na vitenge, na mama yake anavipokea, anashukuru, anavitia sandukuni. Hadi leo ukipita pale asubuhi utamkuta amekaa barazani anatazama lile tuta tupu. Bi Mwanaidi huenda kukaa naye. 

Basi nyinyi mlikuwa mnacheka. Mwana wa Bi Mwanaidi alikuwa anamwambia mama yake kwamba Sikukuu hii hataweza kuja, ila anamwekea zawadi nzuri, amngojee. Ndipo mama yake akamjibu vile, akakata simu.

Hivyo viazi vinatosha. Vitieni sufuriani, na kabla sijasahau, mkubwa wenu ampelekee babu liki zile mbili tulizochimba jana, leo, sasa hivi, zingali laini. Mama Hoza alishatuambia: liki ya akiba huota mti moyoni.